Mbona kifua kilitulia jioni kikarudi usiku? Jibu kwa Mama Fahad wa Kisauni

Mama Fahad, waalaykum salaam. Swali lako nimelisoma lote, ntalifupisha hapa ili na wengine wafuate. Fahad ana miaka 9, ana pumu tangu mdogo. Wakati wa kujitayarisha na Idd mlilitoa godoro la sufi la bibi yake mkalianika na kulipiga uani, ilikuwa karibu na magharibi, na hapo hapo kifua kikaanza kulia miluzi, ukampulizia ile inhela ya bluu mara mbili akatulia, akala, akalala. Saa saba usiku akaamka hana pumzi, vibaya kuliko jioni, mkamkimbiza hospitali kwa tuktuk. Daktari akasema ni aleji, askari wa mwili wanapigana na vumbi, akaandika inhela ya kahawia ya kila siku. Sasa wewe wauliza, vumbi lilikuwa jioni, usiku vumbi halipo, kifua kimerudi vipi? Hao askari ni kina nani na watapozwa na nini? Na jirani kakwambia ya kahawia usimpe atazoea, bora umuongezee kinga.

Nianze na la jirani manake hilo ndo laweza kumdhuru mtoto. Kinga ya Fahad haijapungua hata kidogo. Shida yake ni kwamba sehemu moja ya hiyo kinga inafanya kazi kupita kiasi, tena juu ya kitu ambacho hakina ubaya wowote, kwa hivo ukisema umuongezee kinga wataka kuongeza nini hasa? Kinachotakiwa ni kuituliza hiyo sehemu moja na kuziacha nyingine zifanye kazi zake, na dawa ya kufanya hivo ipo, ya miaka mingi, ndo hiyo hiyo ya kahawia uliyoandikiwa. Habbat sauda na asali mpe kama chakula sina neno, lakini zisikae mahali pa dawa.

Haya, hao askari.

Hiyo sehemu ya kinga ninayoisema kazi yake ya asili ni minyoo. Mnyoo ni mkubwa, hakuna seli moja inayoweza kummeza, kwa hivo mwili una mbinu nyingine kabisa kwa ajili yake: unatoa utelezi mwingi, unabana misuli, unamwaga kemikali kali, unavimbisha ukuta, ili mdudu ang'oke asukumwe nje. Kwenye utumbo wenye safura hiyo ni akili nzuri sana. Sasa zichukue mbinu hizo hizo, utelezi, misuli kubana, kuvimba, uzipeleke kwenye mirija ya hewa ya mtoto ambayo yenyewe ni myembamba, hapo umepata pumu ya aleji. Balghamu ile nzito anayokohoa Fahad asubuhi, ule mluzi, kule kubanwa, yote ni vita ya minyoo inayopiganwa mahali ambapo hapana mnyoo.

Kwenye lile godoro palikuwa na nini? Vidudu vya vumbi, jamaa wa utitiri wa kuku, urefu wao kama theluthi moja ya milimita hivi kwa hivo kwa macho huvioni, na haviumi mtu. Vinakula magamba ya ngozi yanayotutoka tukilala. Maji havinywi, vinavuta unyevu kutoka hewani, na ndo mana kwenye nchi kavu vinakufa lakini hapa kwetu Mombasa vinazaana mwaka mzima, iwe kusi iwe kaskazi, mto wa sufi wa miaka mingi kwao ni raha tupu. Lenye shida zaidi ni kinyesi chake. Ndani yake mna protini inaitwa Der p 1, na hiyo ni enzaimu ya kukata kata, ikitua kwenye ngozi ya ndani ya mirija ya hewa inakata vile viungio vinavyoshikanisha seli na seli, inapenya. Seli za ukuta zikiumia zinatoa kemikali za kutangaza hatari, wataalamu wanaziita TSLP, interlukini 33 na interlukini 25. Yashike haya majina, hasa la kwanza, tutakuja kuyakuta kwenye dawa.

Hapo ndo anaingia askari wa kwanza, seli ya dendriti. Hii imekaa chini ya ukuta wa mirija na mikono yake mirefu imetandaa, inaokota kipande cha ile protini, inashuka nacho mpaka kwenye tezi ya karibu na kukionyesha kwa seli T. Seli T ndo wenye kutoa amri. Kuna za aina nyingi, na mwaka 1986 Tim Mosmann na Robert Coffman walionyesha kwenye panya kwamba seli T saidizi zimegawanyika, kuna aina ya 1 na aina ya 2, kila moja na kemikali zake. Mtoto asiye na aleji seli zake zikionyeshwa vumbi zinalipuuza. Za Fahad, kwa sababu ya damu ya ukoo wenu (ulisema babake naye ana mafua ya aleji) na mambo aliyokutana nayo udogoni, zilichagua aina ya 2, na hizi zinatoa amri tatu. Interlukini 4 inaiamuru seli B itengeneze kingamwili aina ya IgE. Interlukini 5 inaenda kwenye uboho wa mifupa kuzalisha eosinofili, yaani aina ya seli nyeupe za damu. Interlukini 13 inaenda moja kwa moja kwenye mirija, inaongeza seli za kutoa balghamu na kuifanya misuli iwe na wepesi wa kubana hata kwa kitu kidogo, moshi, baridi, kicheko, mbio za uwanjani.

Hiyo IgE ndo kiungo cha yote. Iligunduliwa na Kimishige na Teruko Ishizaka, mume na mke, kule Denver Marekani mwaka 1966, wakijijaribia kwenye ngozi zao wenyewe, na mwaka uliofuata Johansson na Bennich wa Uppsala, Sweden, nao wakaifikia kwa njia yao. Kwenye damu IgE haina maisha marefu, siku 2 hivi. Lakini ikishaishika seli ya masti inakaa wiki kadhaa, na seli za masti zimejaa chini ya ngozi ya mirija ya hewa, kila moja imebeba chembe chembe zilizojaa histamini, na juu yake imevaa IgE nyingi zinazosubiri kitu kimoja tu, ile protini ya vumbi.

Kwa hivo jioni ile mlipolipiga godoro kila kitu kilikuwa tayari miaka mingi. Vumbi likaingia, likagusa IgE mbili za jirani kwa pamoja, seli ya masti ikapasua chembe zake, histamini nje, na ndani ya dakika chache ikaanza kutengeneza leukotrini vilevile, kemikali nyingine ya kubana misuli. Misuli ya mirija ikabana. Ndo ile saa ya magharibi. Wewe ukampa ya bluu, salbutamoli, ikaenda kulegeza misuli, mirija ikafunguka, mtoto akapumua. Dawa imefanya kazi yake na sikulaumu kumpa, ungemnyima ungekosea.

Ila salbutamoli haigusi askari hata mmoja. Imelegeza misuli tu, kwa saa 4 mpaka 6. Na wakati Fahad anakula chakula cha usiku, zile seli za masti na zile seli T zilikuwa zishatoa wito wa pili, taratibu, bila wewe kusikia chochote. Eosinofili zikaanza kutoka kwenye damu, zinajibana kwenye ukuta wa mishipa, zinapenya, zinajaa kwenye mirija. Kazi hii haichukui dakika, inachukua masaa, kwa kawaida awamu ya pili yaanza baada ya saa 3 au 4 na kufika kilele baadae. Piga hesabu: kutoka magharibi mpaka saa saba usiku ni saa 7. Dawa ya bluu ishaisha na eosinofili ndo zimefika. Tena usiku wa manane kotisoli, ile homoni ya mwili wenyewe inayopoza uvimbe, inakuwa chini kabisa, kwa hivo hata breki ya asili imelegea. Hapo ndo swali lako limejibika: vumbi halikurudi, kilichomwamsha Fahad ni askari walioitwa jioni wakafika usiku.

Na eosinofili zikifika si kwamba zinabana misuli tu. Zinamwaga protini zenye sumu, zilizokusudiwa ngozi ya mnyoo, zinachubua ukuta wa mirija yenyewe. Zikifa zinaacha fuwele ndogo zenye ncha, umbo kama sindano ya pande mbili, ambazo madaktari walikuwa wakiziona kwenye makohozi ya wenye pumu tangu karne ya 19, zinaitwa kwa majina ya Charcot na Leyden, na miaka yote zilidhaniwa ni taka tu. Mwaka 2019 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, wakaonyesha kwamba zile fuwele zenyewe zinachokoza kinga upya na kuifanya balghamu iwe nzito. Kwa hivo uvimbe unazaa uvimbe. Ukiachwa hivo miaka, ukuta wa mirija unakuwa mnene, misuli inakua, na baadhi ya mabadiliko hayo hayarudi nyuma. Hii ndo sababu sipendi kabisa kusikia mtoto wa kubanwa kila wiki anaishi na ya bluu peke yake. Kutegemea inhela ya bluu ni kufungua dirisha moshi utoke ilhali sufuria bado inaungua jikoni.

Na si maoni yangu mimi tu. Mwaka 2019 GINA, lile jopo la kimataifa la pumu, lilibadilisha mwongozo wake likasema mtu mzima au kijana wa miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa ile ya bluu peke yake, lazima iambatane na dawa ya kupoza uvimbe, na kwa watoto wa umri wa Fahad nako wanataka steroidi ya kuvuta, ndo hiyo dawa ya kupoza uvimbe, iwepo, iwe kila siku kwa kipimo kidogo au kila mara anapotumia ya bluu. Mwenye kumaliza kopo 3 au zaidi za bluu kwa mwaka yuko kwenye hatari zaidi ya kushikwa vibaya, na akifika 12 hatari ni ya kifo. Hebu hesabu makopo ya Fahad ya mwaka huu.

Sasa hiyo ya kahawia. Ndani yake mna steroidi ya kuvuta, beklometasoni mara nyingi, imekuwa kwenye soko tangu miaka ya 1970. Steroidi inaingia ndani ya seli, inashikana na kipokezi chake, inaenda mpaka kwenye kiini na kuzima zile jeni zinazoandika interlukini. Amri za seli T zinapungua, eosinofili zinakosa wa kuziita na zilizopo zinajifia, seli za masti kwenye mirija zinapungua. Yaani karibu kila askari niliyemtaja anaguswa. Lakini kuzima jeni si kazi ya dakika, unaanza kuona tofauti baada ya siku kadhaa, raha yenyewe wiki kadhaa, ndo mana watu wanaijaribu usiku mmoja wa kubanwa wanaona haifai wanaitupa. Ile si ya kuzimia moto wa leo. Ni ya kila siku, akiwa mzima vilevile, asubuhi na jioni kama ulivyoandikiwa, na hasa akiwa mzima.

Atazoea? Hapana. Hakuna uraibu kwenye steroidi ya kuvuta, wala haipungui nguvu kwa kutumiwa. Ukiiacha na pumu ikarudi, hujarudiwa na uzoefu, umerudiwa na ugonjwa, kwa sababu seli T zina kumbukumbu na nyingine zinaishi mle mle kwenye mapafu miaka, dawa imezituliza haijazifuta. Woga wenyewe naujua unatoka wapi, watu wamewaona wagonjwa waliokula vidonge vya prednisoloni muda mrefu, uso umevimba, sukari imepanda, mifupa imeisha. Ebu tuweke hesabu mezani. Kipimo kidogo cha mtoto ni kama mikrogramu 200 kwa siku, zidisha na siku 365 unapata mikrogramu 73,000, yaani miligramu 73 mwaka mzima. Mtoto akishikwa vibaya akapelekwa hospitali anaweza kupewa prednisoloni hadi miligramu 40 kwa siku moja, kwa siku 3 mpaka 5. Nguvu za dawa hizi mbili gramu kwa gramu hazilingani, ya kuvuta ni kali zaidi, lakini inatua pale pale inapohitajika na inayofika kwenye damu ni kidogo. Kumkinga asishikwe ndo kumkinga na vidonge. Madhara ya kuvuta yapo, siyafichi: utando mweupe mdomoni, kwa hivo asukutue na ateme kila akimaliza, na urefu, watoto waliofuatiliwa mpaka ukubwani walipungua karibu sentimita 1. Mie kwa mwanangu ningeitoa hiyo sentimita bila kufikiri mara mbili.

Kuna na sindano. Kuna mahali ukienda na kifua unadungwa kitu cha steroidi bila maelezo, mtu anapumua vizuri siku tatu, wiki ijayo yuko pale tena. Hiyo inapoza mwili mzima ili kutuliza mirija, na ikirudiwa rudiwa ndo yale madhara tunayoyaogopa. Sindano ya namna hiyo ni ya dharura na mwenye kuipiga akwambie ni nini.

Umeuliza pia Piriton mbona haimsaidii kifua ilhali inamkausha mafua. Ni kwa sababu inazuia histamini tu. Kwenye pua histamini ina sauti kubwa, kwenye mirija ya hewa leukotrini ndo zenye nguvu, kwa vipimo vya maabara zinabana misuli mara mia kadhaa hadi 1,000 kuliko histamini. Ipo dawa ya kuzuia leukotrini, montelukasti, kidonge cha usiku, inasaidia baadhi ya watoto lakini haiifikii steroidi ya kuvuta, na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu yake kwa sababu ya mabadiliko ya tabia, ndoto mbaya, huzuni, hasira. Fahad akiwahi kupewa akabadilika hivo, mrudishe kwa daktari upesi.

Kwa wale ambao steroidi ya kuvuta imeshindwa, nasema imeshindwa kweli, siyo haikutumiwa, kuna dawa mpya za kudunga ambazo kila moja inamkamata askari mmoja au amri moja. Omalizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003, inaikamata IgE kabla haijashika seli ya masti. Mepolizumabu ya 2015 inaizuia interlukini 5, eosinofili zinakauka. Dupilumabu inafunga mlango ambao interlukini 4 na 13 wote wanaupitia. Na tezepelumabu ya mwisho wa 2021 inaishika ile TSLP niliyokwambia uishike, yaani inazuia kelele za ukuta kabla hata seli ya dendriti haijaamka. Nazipenda hizi dawa kwa jambo moja, zimetuthibitishia kwamba hadithi niliyokuhadithia ni ya kweli, manake ukiitoa amri moja na mgonjwa akapata nafuu basi ile amri ilikuwa inafanya kazi. Lakini bei yake ni ya kutisha, na Fahad hajafika huko, watoto wengi mno wanaotajwa kuwa na pumu sugu wanakuwa hawavuti dawa vizuri tu.

Nyingine ni kuufundisha mwili. Leonard Noon kule London mwaka 1911 aliwadunga watu wenye aleji ya chavua ya nyasi vipimo vidogo vidogo vya hiyo hiyo chavua akiongeza taratibu, wakaanza kuvumilia. Siku hizi kuna ya vidudu vya vumbi, ya kudunga au ya kuweka chini ya ulimi, na inahitaji kama miaka 3. Inachofanya ni kuamsha seli T za kutuliza, ambazo Shimon Sakaguchi wa Japani alizielezea mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye na Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakapewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Hizi ndo askari wanaowaambia wenzao basi, na kwenye aleji wanakuwa wachache au wanyonge. Ila tahadhari, haianzwi kwa mtoto ambaye kifua bado kinambana, kwanza pumu itulie.

Halafu kuna jambo la kwetu Pwani ambalo vitabu vya ng'ambo hawalitilii mkazo. Ukipimwa damu ukaambiwa eosinofili zimepanda au IgE imepanda, usikimbilie kusema ni aleji. Safura na kichocho vinazipandisha hizo hizo, si ndo kazi yake. Mtoto apimwe choo, apewe dawa ya minyoo, ndo hesabu ya damu isomwe. Na kuna mnyoo mmoja, strongiloidi, anakaa mwilini miaka kimya, mtu akipewa vidonge vya steroidi muda mrefu anaweza kufumuka vibaya sana, kwa hivo daktari akitaka kumuanzishia mtu vidonge hivyo kwa muda mrefu mkumbushe.

Nyumbani sasa. Hilo godoro la sufi liondoke, na mito yake. Najua ni la bibi na nnajua lina thamani, liwekwe chumba kingine au lipewe mtu asiye na kifua, lakini Fahad asilalie. La sponji analolalia litie kwenye mfuko wa kuziba wenye zipu. Watoto wenye aleji ya vidudu waliowekewa mifuko hiyo kwenye utafiti wa kule kaskazini magharibi ya Uingereza, uliotoka 2017, walikimbizwa hospitali mara chache zaidi. Mashuka yafuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 hivi. Jua letu linaua vidudu, anika, lakini kinyesi na ile protini vinabaki, ndo mana kuanika bila kufua hakutoshi, na wa kulipiga asiwe yeye wala asiwe karibu. Hatua moja peke yake kwa kawaida haileti kitu, zinafanya kazi zikija pamoja na dawa.

Udi na ubani, hapa ntasema japo najua wengine watanuna. Moshi wa chetezo haumpi mtoto aleji ya vumbi, lakini mirija ambayo interlukini 13 ishaitia wepesi wa kubana haichagui moshi mtukufu na moshi wa makaa. Fukiza nguo nje, au siku Fahad yuko chuoni, na nyumba ipate hewa kabla hajarudi. Dawa ya mbu ya kuwasha iacheni kabisa chumbani kwake, mtilieni neti. Na paka wenu, msimtupe kabla ya kipimo cha ngozi, huenda hana hatia, na hata akiondoka protini yake yakaa ndani ya nyumba miezi 4 mpaka 6. Kwa sasa asilale chumba kimoja na mtoto.

Bado kitu ambacho naona kitamsaidia Fahad kuliko vyote nilivyosema, na ni bei ya soda. Ulivyoeleza anavyovuta, mdomo wazi, unabonyeza, anakohoa, dawa nyingi inagonga ulimi na koo na haifiki kwenye mirija. Anahitaji spesa, kile chombo cha kuweka kati ya inhela na mdomo. Kama hamjapata ya dukani, tengeneza: Heather Zar na wenzake kule Cape Town mwaka 1999 walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 iliyozibwa vizuri inafanya kazi sawa na spesa ya kununua kwa watoto waliobanwa. Chukua chupa ya maji, pasha waya moto, toboa kitako chake shimo la umbo lile lile la mdomo wa inhela, siyo duara, inhela iingie imebana kabisa, ukingoni ziba kwa gundi hewa isipite. Ioshe kwa maji ya sabuni ya vyombo, usiisuuze, iache ijikaushie, sabuni inayobaki inazuia dawa kunata kwenye plastiki. Tikisa inhela, chomeka, Fahad aufunike mdomo wa chupa kwa midomo yake, bonyeza mara moja tu, apumue ndani na nje taratibu mara 5 au 6 bila kutoa mdomo. Subiri kidogo, tikisa tena, rudia. Usibonyeze mara mbili kwa pamoja. Ya kahawia na ya bluu zote zipite hapo.

Ukirudi kliniki mwambie daktari atazame anavyovuta, amuandikie karatasi ya nini cha kufanya akianza kubanwa, na muulize lini atampunguzia kipimo, manake akikaa miezi kama 3 bila dalili kipimo kinaweza kushushwa taratibu, na yeye ndo ashushe, siyo wewe wala jirani.

Na akishikwa tena usiku, mkalishe, usimlaze, mpe ya bluu kwa chupa, mipulizo 4 mpaka 10, mmoja mmoja, na kama hakupata nafuu rudia kila dakika 20 mkiwa njiani. Akiwa hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, midomo imebadilika rangi, au kifua kilichokuwa kinalia kimenyamaza ghafla huku anazidi kuchoka, hicho kimya si nafuu, mirija imeziba, ondokeni saa hiyo hiyo, msingoje alfajiri.